Fuvu Lililotazama Kusini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kapteni Kamshat Orazova alikuwa ameinama tangu asubuhi, magoti juu ya kipande cha sponji, pua karibu iguse shavu la mwanamke aliyekufa miaka elfu moja iliyopita. Mgongo ulimuuma na vumbi la chumvi lilimkereketa koo. Juu ya ukingo wa shimo, Sajini Bekbolat alitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kuelekea upepo unakotoka, yakawa yanamrudia mwenyewe usoni.

"Afande, huyo bibi hatasema kitu," alisema. "Mwenye kusema tunaye garini. Tia sahihi twende zetu. Gari la mahabusu linakwenda mkoani jioni hii."

Huyo wa garini alikuwa Dauletbay, mlinzi wa kambi ya wachimbaji, mtu ambaye ujanani aliwahi kufungwa kwa wizi wa kondoo. Ijumaa iliyopita, tufani ya vumbi ilipowafungia watu wote mahemani mchana kutwa, mtu alifunua kaburi hili lililokutwa chini ya sakafu ya nyumba ya kale, akachukua hereni mbili za fedha na mkufu wa shanga nyekundu, kisha akarudisha plastiki na mchanga juu yake kama vilivyokuwa. Jumatatu kaburi lilipofunuliwa, vitu havipo. Shanga moja ilikutwa katika mfuko wa koti la Dauletbay. Kamshat akitia sahihi, mlinzi angelala rumande ya mkoa leo hii, na mtu mwenye doa la zamani akishaingia kule, kutoka ni kwa kudra. Asipotia, itampasa awe na jina jingine la kuandika mahali pale.

"Fuvu limesogezwa tu, Kapteni," alisema Dk. Inessa Tsoi, mkuu wa uchimbaji, mwanamke mfupi wa ukoo wa Wakorea wa huko huko bondeni, kofia imefungwa kwa kitambaa chini ya kidevu. "Mkufu ulipita chini ya shingo. Huwezi kuutoa bila kuinua kichwa. Mwizi ameinua, amevuta, ametupa."

"Hakutupa. Shuka uone."

Dk. Tsoi alishuka. Kamshat alielekeza kwa ncha ya brashi. Chini ya shavu la fuvu palikuwa na matonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono na kushindiliwa moja moja, na nyuma ya kisogo tonge jingine kubwa zaidi, ili kichwa kisiviringike. Alama za vidole zilionekana, ingawa udongo wa chumvi hauhifadhi mistari ya kidole. Mtu mwenye haraka, anayeiba huku tufani inavuma, alikuwa amepata nafasi ya kumwekea mto mwanamke huyu.

"Nionyeshe tena picha ya Alhamisi."

Katika picha, fuvu lilitazama juu, na kila upande wa taya palikuwa na kitu cheusi kilichokunjamana kama kipande cha mkaa. Ndizo hereni zenyewe. Fedha ikikaa kwenye chumvi karne kumi hujivika koti hilo, alieleza Dk. Tsoi, na asiyeijua ataipita.

"Sasa tazama," Kamshat alisema. "Mwili umelala mshazari. Kama fuvu lingeviringika lenyewe, lingetazama tanuri la nyumba hii au lingetazama mlango. Hili limetolewa kabisa kwenye mstari wa shingo. Limeelekezwa. Watu wetu wakimlaza maiti, humfanyia nini kabla ya kumfukia?"

Wanawake wa bonde lile hawaendi makaburini siku ya maziko, lakini hakuna mtoto asiyejua jibu. Bekbolat aliacha kutafuna.

"Humwelekeza kibla," alisema.

"Lakini huyu hakuwa Mwislamu!" Dk. Tsoi alipinga. "Amezikwa chini ya sakafu yake, na kikombe, na mguu wa kondoo."

"Mwizi hakujali. Aliona mifupa ya binadamu, moyo ukamsuta. Huyu si mwizi wa kutoka mji mkuu, Daktari. Wale wangemwacha kichwa chini miguu juu. Huyu ni mtu wa hapa hapa, na ni mcha Mungu."

Kamshat alitoa simu, akafungua dira. Alihisi ile furaha ndogo ya mpelelezi anayejua jibu kabla ya kuulizwa. Sindano ikatulia. Kibla ilikuwa kusini-magharibi, kule kwenye nguzo za umeme. Fuvu lilitazama kusini moja kwa moja, kwenye pengo la ukuta wa mji. Alijaribu tena kwa simu ya Bekbolat, ikawa vile vile. Tofauti haikuwa ya kidole wala ya kosa la jicho. Mtu akisali hivyo msikitini, angemtazama jirani yake bega.

Bekbolat alirudi kwenye mbegu zake. "Basi mcha Mungu wetu kapotea njia," alisema.

Kamshat alipanda kutoka shimoni. Furaha ilikuwa imemtoka. Huku juu mji wote wa kale ulilala wazi, kuta za udongo zilizoliwa na upepo, mitaa iliyogeuka mifereji, na mbali kabisa kijani hafifu cha mto Sir Darya, uliohama ukauacha mji ufe kwa kiu. Kutoka kwenye hema la jiko alikuja mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya hata katika joto lile, mkononi chupa ya chai na bakuli la maandazi.

"Botam!" aliita. Tangu utotoni alimwita hivyo, ndama wangu wa ngamia. "Hebu mwone! Huko polisi mnalishwa risasi? Shingo imebaki kama ya bata."

Huyu alikuwa Seitkhan, msimamizi wa kambi, ndugu wa mama yake Kamshat. Baba yake Kamshat alipofariki, ni mjomba huyu aliyemtwaa, akamfundisha kupanda farasi na kumpeleka shule kwa mkokoteni wa punda. Kila mtu kambini alimpenda. Alisoma dua uchimbaji ulipoanza, alitibu mbwa wa kambi, na alijua mahali pa kila sindano.

"Mzee ndiye aliyesisitiza tukuombe wewe," Dk. Tsoi alimwambia Kamshat. "Mimi ningempokea mpelelezi yeyote. Akasema hapana, mtafuteni mpwa wangu, hakuna mwenye jicho kama lake."

"Sikudanganya," alisema Seitkhan, akamtilia Kamshat andazi mdomoni kama mtoto. "Kula. Mwizi yuko garini, hakimbii."

Kamshat alikula huku akicheka. Alikuwa na kifua kipana siku ile kwa sababu ya maneno hayo, wala hakuficha. Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda garini.

Dauletbay alikaa kiti cha nyuma, pingu mapajani, midomo imepasuka kwa upepo. Bekbolat alijipenyeza kiti cha mbele na kugeuka kumtazama.

"Ijumaa uliacha lindo," Kamshat alianza.

"Nani kasema?"

"Pikipiki yako. Imekwenda mtoni ikarudi. Upepo umefuta alama juu, kule bondeni zimebaki."

"Nilikwenda kutazama hali ya hewa."

"Hali ya hewa ilikuwa hapa hapa, inakung'oa meno," Bekbolat alisema. "Sema ulikwenda kumpelekea nani vitu."

"Sikumpelekea mtu."

"Dauletbay," Kamshat alisema, "koti lako linanuka samaki."

Mlinzi aliangalia pingu, akaangalia dirishani, akapiga hesabu ya uongo gani ungemfaa, akaona haupo.

"Nyavu," alisema mwishowe. "Wakati wa tufani askari wa mto hawatoki. Nikasema niwahi."

"Msimu huu ni marufuku."

"Najua ni marufuku. Ndiyo maana sikusema."

"Yaani uko tayari kwenda mkoani kwa ajili ya fedha ya kaburini, ili usilipe faini ya samaki?"

"Si faini, afande. Nyavu ni za shemeji yangu. Yeye keshaonywa mara ya mwisho, wakimshika tena anafungwa. Ana watoto wadogo. Mimi nimtaje? Nitakula wapi mkate wa dada yangu tena?"

Kamshat alimtazama. Mtu mwenye jina bovu wilaya nzima, na alikuwa amefunga mdomo kumlinda shemeji.

"Kibla iko wapi?" aliuliza ghafla.

"Nini?"

"Kibla. Nionyeshe."

Dauletbay aliinua mikono yote miwili na pingu zake, akasita, akaelekeza nje ya kioo cha nyuma. "Kule?"

"Huko ni Urusi, bwege wewe!" Bekbolat aliangua kicheko.

"Mimi nasali siku ya Idi tu," Dauletbay alijitetea, uso umemwiva. "Natazama mgongo wa aliye mbele yangu."

Walitoka garini. Bekbolat alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka, lakini akili yake ilikuwa inafanya kazi. "Umeona, afande? Umejijibu mwenyewe. Fuvu limeelekezwa na mtu asiyejua kibla. Na asiyejua kibla tunaye. Aliingiwa na woga wa mizimu, akalielekeza popote."

Hoja haikuwa ya kijinga. Kamshat aliizungusha kichwani na kila alipoigusa ilisimama. Ila matonge yale yalikuwa yamemkaa vibaya rohoni. Mtu wa kubahatisha hashindilii namna ile. Aliyeweka matonge yale aliweka kwa uhakika.

"Koti lilitundikwa wapi?" aliuliza.

"Jikoni. Wote wanatundika jikoni."

"Na wewe ulijuaje kupekua jikoni?"

"Mjomba wako alinidokeza. Kazi ingekuwa nyepesi kila mahali pangekuwa na mzee kama yule. Akanionyesha hata koti lipi ni la nani."

Kamshat aliitikia kwa kichwa. Aliyasikia maneno yale na akayaacha yapite, kama mtu anavyopita mbele ya mlango wa nyumba yake bila kuutazama.

Alimfuata Dk. Tsoi. "Kwenye pengo lile la ukuta, kule fuvu linakotazama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Jangwa. Kabla ya pengo kuna msikiti wetu tu. Hujauona? Njoo, ndio fahari ya msimu huu."

Msikiti ulikuwa chumba cha udongo kisicho na paa, sakafu ya matofali ya kuchomwa, mashina ya nguzo yaliyooza. Ulijengwa vizazi kadhaa baada ya yule mwanamke kuzikwa, watu wa mji walipokwisha kusilimu. Katika ukuta wa mbele palikuwa na mihrabu, kijishimo kizuri chenye upinde, plasta yake bado ina rangi ya samawati kwenye kona. Kamshat alisimama mbele yake kama imamu. Jua la adhuhuri lilimpiga usoni. Hakuhitaji dira, lakini aliitoa.

Kusini. Kusini moja kwa moja.

"Imekosewa?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kwa hesabu za leo, ndiyo. Lakini wazee wa zamani wa upande huu wengi walijenga hivi. Walisema Mtume alipokuwa Madina alisali akielekea kusini, nao wakafuata. Nilipowaeleza wachimbaji, vijana walicheka. Mtu mmoja tu hakucheka." Dk. Tsoi alitabasamu. "Alisema kama babu zetu waliswali hivi karne nzima na Mungu akawapokea, yeye ni nani awasahihishe kwa simu. Tangu siku hiyo anaswali peke yake. Vijana wanamtania kwamba Ijumaa atafika Makka kwa kupitia Bahari ya Hindi."

Kamshat hakuuliza ni nani. Kutoka pale waliliona jiko. Upande mmoja wa hema vibarua wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega, nyuso kwenye nguzo za umeme. Upande mwingine, juu ya mkeka wake wa manyoya, Seitkhan alirukuu, akainuka, akasujudu, na paji lake la uso lilielekea pengo la ukuta bila kupinda hata chembe.

"Ni yeye peke yake?" Kamshat aliuliza. "Una hakika?"

"Peke yake. Ni mkaidi, unamjua." Kisha Dk. Tsoi alimtazama vizuri, na tabasamu likamtoka. "Kapteni? Umepatwa na nini?"

"Jua," Kamshat alisema.

Halikuwa jua. Ile milango yote aliyoipita asubuhi ilikuwa inafunguka kwa pamoja: koti, dokezo la jikoni, na zile sifa alizomwagiwa mbele ya watu hadi akatanua kifua. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na akakivaa kwa furaha.

Alimkuta mjomba hemani akikunja mkeka. Seitkhan alimwonyesha mahali pa heshima, mkabala na mlango, akaanza kumimina chai ya maziwa katika bakuli dogo, kidogo kidogo kama inavyomstahili mgeni apendwaye.

"Mjomba, nimekuona unaswali."

"Alhamdulillahi. Wewe unaswali?"

"Mbona huelekei wanakoelekea wenzako?"

"Ah!" Mzee alifurahi, ndilo somo alilolipenda. "Wenzangu wanaongozwa na betri. Betri ikiisha, dini imeisha. Mimi naifuata mihrabu ya wenyeji wa mji huu. Walikuwa wanajua."

"Na yule mwanamke wa kaburini? Ulimwelekeza kwenye mihrabu hiyo hiyo?"

Chai iliendelea kumiminika. Ilipanda katika bakuli, ikafika ukingoni, ikasimama imevimba juu ya mdomo wa bakuli ndipo mkono wa mzee ukainua birika.

"Umenijazia, mjomba," Kamshat alisema taratibu. "Unanifukuza?"

Seitkhan alilitazama bakuli lile. Alichukua kitambaa, akafuta meza pasipomwagika kitu.

"Sikuweza kumwacha vile," mzee alisema. "Nilimwinua kichwa, macho yake yakawa yananitazama. Ni mama wa watu."

"Matonge umeweka vizuri. Hakuna mwingine kambini angeweka vile."

"Nilijua utamwona Dauletbay, basi. Ushahidi ulikuwepo, ungemaliza asubuhi moja."

"Kwa nini uliniomba mimi?"

"Kwa sababu unaijua kazi."

"Hapana. Niambie."

Mzee alivua kofia, akaipapasa manyoya yake. "Mpelelezi mwingine angetuuliza sote," alisema. "Wewe usingeniuliza."

Kamshat alitaka kupiga meza, alitaka kulia, akashindwa vyote. Nyumba nzima ya utoto wake ilikuwa na mtu mmoja mlangoni, na mtu huyo ndiye aliyemuuza. Alipozungumza alizungumza kama polisi kwa sababu hakuwa na sauti nyingine iliyobaki.

"Shanga ziko wapi?"

Seitkhan alinyoosha mkono nyuma yake, akafungua debe la unga, akatoa soksi iliyofungwa fundo. Shanga nyekundu ziligongana ndani yake.

"Na hereni?"

Mzee alilifunga tena debe la unga.

"Mjomba. Hereni."

"Nilizisugua kwa siki na majivu," alisema akiitazama kofia. "Zikawa nyeupe kama zimetoka kwa sonara jana. Kuda, wakwe zetu hawa wapya, ni watu wakubwa, Kamshat. Nilikwenda kumposea mwanangu Yerlan, wakaniuliza tuna nini cha ukoo. Nikasema fedha ya bibi yangu mzaa baba. Nayo tuliiuza ile miaka ya njaa, tukala unga. Ningesemaje? Mtoto angekataliwa kwa sababu baba yake ni fukara wa kupiga deki mahema?"

Kamshat aliinua mkono anyamaze. Jumapili. Jumapili alikuwa nyumbani kwa wakwe, amevaa gauni la buluu, wanawake wanaimba. Mke wa mjomba alipotetemeka mikono, mjomba alisema kwa sauti ya wote kusikia: avishwe na mpwa wangu, kapteni, mwenye mkono wa baraka. Naye akazichukua hereni kwenye kitambaa cheupe, akamvisha bibi harusi mtarajiwa moja moja, akazisifu mbele ya ukumbi mzima.

"Ulinipa mimi nimvishe," alisema.

"Mkono wako ni wa heri."

"Mkono wangu ni wa polisi! Ulitaka ziguswe na polisi, nani atazishuku tena?"

"Sikuwaza hivyo."

"Uliwaza hivyo hivyo. Na shanga kwa Dauletbay?"

"Ilinidondokea jikoni, koti lake lilikuwa karibu..."

"Shanga haipandi mfukoni."

"Basi nilitia!" Mzee alipaza sauti, kisha akaishusha. "Yule jela anaijua, Kamshat. Ameshakaa. Mimi ni mzee, nitafia mle ndani. Yeye atakaa, atatoka, atarudi kwenye samaki wake."

Kamshat alimtazama mtu huyu aliyeangalia mifupa ya mgeni akaionea huruma, akamtazama Dauletbay aliye hai akamwangushia jumba bovu. Kati ya yote aliyoyasikia, hilo ndilo lililomkata.

"Yule hataki kumtaja shemeji yake kwa nyavu mbili za samaki," alisema.

"Botam." Mzee alisogea, akamshika kiganja kwa mikono yake yote miwili. "Mpwa akimwomba mjomba, mjomba hanyimi. Ndiyo desturi. Ulitaka mwanafarasi wangu mweupe, nikakupa. Ulitaka upolisi, mama yako kakataa, nilikaa mlangoni kwake mpaka akakubali. Je, nimewahi kukunyima? Leo naomba mimi. Ngoja harusi ipite. Ni wiki hizi tu. Hereni nitazirudisha kwa njia zangu, utaziokota shimoni, Inessa atafurahi, Dauletbay atatoka. Nani atakuwa ameumia?"

Mikono yake ilikuwa na joto lile lile. Kamshat aliiacha imshike kwa muda, kwa sababu alijua haitamshika tena hivyo. Kisha akautoa mkono wake.

"Vaa kofia, mjomba," alisema. "Nje kuna jua."

Alimpigia mkuu wake wa wilaya akiwa amesimama kati ya hema na gari. Alisema mshukiwa ni ndugu wa mama yake, amekiri, na kwamba kesi apewe mtu mwingine. Mkuu akamwambia atamtuma mtu. Lakini hereni zisingojee, akaongeza. Habari ikifika kwa wakwe kabla ya polisi, zitayeyushwa au zitatupwa kisimani. Aende sasa hivi, na sajini awe shahidi.

Bekbolat aliposikia, mbegu zilimwanguka mkononi. Alimfungua Dauletbay pingu bila neno la mzaha. Mlinzi alisugua vifundo vya mikono, akatazama huku na huku.

"Niende?" aliuliza.

"Nenda. Koti lako utapewa baadaye, ni kielelezo."

"Na zile nyavu?"

"Nyavu gani?" Kamshat alisema, akaingia garini.

Seitkhan aliketi juu ya debe mbele ya jiko, kati ya vibarua wawili walioagizwa kumlinda na wasiojua wamtazame vipi. Gari lilipopita aliinua mkono nusu, akaushusha.

Njiani Kamshat alipanga maneno. Alipanga sheria, haki ya wenye nyumba kuita shahidi wao, namna ya kufunga kielelezo. Bekbolat aliendesha. Nyumba ya wakwe ilikuwa kando ya reli, lango limepakwa rangi mpya, utepe wa Jumapili bado unapepea.

Mama wa nyumba aliliona gari, akatoka mbio na bakuli la maziwa ya ngamia. "Kuda! Karibuni, karibuni! Mbona hamkupiga simu? Tungechinja! Symbat, wee Symbat, njoo umwone nani kaja!"

Symbat alitoka mbio na unga viganjani, kilemba kimeteleza, akamkumbatia Kamshat kwa viwiko ili asimchafue.

"Wifi! Nilijua utakuja kabla ya harusi!" Alicheka, akarudi nyuma hatua moja ajionyeshe, na fedha ikametameta kila upande wa shingo yake. "Unaona? Sijazivua hata nikilala. Mama anasema nitazipoteza. Nikamwambia alizonivisha wifi Kamshat haziwezi kupotea."

Nyuma yake Kamshat alisikia Bekbolat akikohoa na kutoa mfuko wa vielelezo polepole. Akainua mikono yake yote miwili kwenye masikio ya msichana.

Symbat akadhani moja imepinda. Akatabasamu, akasogeza nywele kando, akamwinamishia kichwa.